HU (ukaguzi wa magari wa hapa Ujerumani) imekataa kona ya karavani, na sasa fomu ya bima: naweka tiki wapi?

Kutoka: Baba Tunu
Jumanne, 3 Machi 2026, saa 4:12 usiku

Ndugu zangu, salaam. Waliofunga, Ramadhani njema.

Mnakumbuka ile karavani ndogo, trela la kulala, niliyonunua kwa babu mmoja wa Kijerumani, ya mwaka 1998, kilo 900. Januari nilikuwa naiingiza uani. Geti letu ni jembamba, ukiwa na gari mbele huwezi kukata kona, kwa hiyo niliifungua kwenye gari tukaisukuma kwa mikono, mimi na shemeji. Yeye yuko mbele ameshika kile kigurudumu, mimi niko nyuma naangalia nguzo. Nikapiga kelele "simama!" Yeye anaapa mpaka leo kwamba alisikia "sukuma". Kona ya nyuma kushoto ikala nguzo: bati limechanika kama shubiri moja, plastiki ya kona ina ufa, taa ya kushoto imepasuka, na ile reflekta ya pembetatu imeruka kwa jirani.

Jana nimeipeleka HU. Mkaguzi hakuhangaika na kitu kingine, alikwenda kwenye kona kama aliyeambiwa na mtu. EM, yaani kasoro kubwa. Sababu mbili: bati lina ncha kali linaweza kumkata mpita njia, na taa. Nirudi ndani ya mwezi mmoja.

Hilo naliweza. Lililonishinda ni bima. Nina Vollkasko, ile bima kubwa inayolipa hata ukijigonga mwenyewe, excess (ninayolipa mwenyewe) ni 500. Nimepeleka KVA, makadirio ya fundi (euro 1,870, msicheke), wakaniletea fomu ya kurasa nne. Sanduku la 7: "Wakati wa tukio, trela lilikuwa (a) limeungwa kwenye gari linalotembea, (b) limeegeshwa." Basi. Hakuna (c). Sasa mimi halikuwa limeungwa, na halikuwa limeegeshwa, lilikuwa linasukumwa na shemeji. Nimepiga simu mara tatu. Wa kwanza kasema weka (a), wa pili kasema (b), wa tatu kaniuliza kwa nini nilikuwa nalisukuma.

Fomu irudi kabla ya tarehe 17. Aliyepita njia hii anisaidie: a au b?

Kutoka: Mama Neema
Jumanne, 3 Machi, saa 5:03 usiku

Pole sana Baba Tunu, na shemeji pia umpe pole, najua hapo nyumbani hali si shwari.

Swali langu: hiyo KVA ina kodi ndani au ni netto? Maana mimi ile mvua ya mawe ilipopiga yetu, tuliamua kulipwa kwa makadirio bila kutengeneza, na wakakata ile 19% yote. Kodi wanakurudishia ukiwa na risiti ya fundi tu. Sikuambiwa na mtu, nilikuja kuona kwenye barua. Hela tukanunulia hema la mbele. Karavani ina ndui mpaka leo, kila mtoto anayepita anaihesabu mashimo, lakini haivuji. Fikiria hilo.

Kutoka: Njoro wa Kassel
Jumatano, 4 Machi, saa 1:20 asubuhi

Buda, achana na bima kabisa. Hao watu wakishakujua jina lako umeisha, mwaka ujao premium inapanda. Mimi yangu iligongwa na mti huko kambini, nikaenda duka la ujenzi, tube mbili za silicone, tepu ya alumini, rangi ya spray. Euro 60. Miaka miwili sasa. Kazi ya jua kali, na inakaa poa.

Kutoka: Mwalimu Deo
Jumatano, 4 Machi, saa 2:45 asubuhi

Nimesoma nikiwa kwenye treni na karibu nishuke kituo kisicho changu.

Kwanza, Mama Neema, mvua ya mawe ni Teilkasko, ile bima ndogo. Mawe, dhoruba kuanzia upepo wa nguvu 8, wizi, moto, kioo. Nguzo ya geti lako mwenyewe si Teilkasko, hata uililie. Baba Tunu ana Vollkasko, ni jambo lingine. Hapo kwenye kodi uko sahihi.

Pili, Njoro, bima za karavani kwa kawaida hazina ngazi za SF (punguzo la miaka bila ajali) kama za gari. Hiyo "inapanda mwaka ujao" umeitoa kwenye gari lako ukaibandika kwenye trela.

Tatu. SILIKONI. Jamani. Ile ya bei nafuu inayonuka siki inatoa asidi, na asidi inakula alumini. Pili yake, ukishaipaka, hakuna rangi wala gundi nyingine itakayokubali kushika hapo, hata usugue na msasa mpaka kesho. Tatu yake, inabanduka pembeni taratibu na wewe huoni. Maji yanapita nyuma ya bati, na nyuma ya bati la karavani ya miaka hiyo kuna mbao. Siku utakayobonyeza ukuta kwa kidole na kidole kikazama, utanikumbuka.

Kutoka: Njoro wa Kassel
Jumatano, 4 Machi, saa 6:02 mchana

Mwalimu hata asubuhi hujanywa chai na ushaanza kusahihisha daftari. Yangu haivuji. Nimesema haivuji.

Kutoka: Mwalimu Deo
Jumatano, 4 Machi, saa 6:09 mchana

Umepima unyevu kwa kipimo, au umeangalia kwa macho?

Kutoka: Bibi wa Bochum
Jumatano, 4 Machi, saa 12:31 jioni

Samahani nadandia. Huyo shemeji ana leseni ya hapa? Maana leseni ya nyumbani ni miezi sita tu tangu ujiandikishe, baada ya hapo ni mtihani wa kuandika na wa barabarani, sisi hatumo kwenye ile orodha ya nchi zinazobadilishiwa tu. Mwanangu wa dada aliendesha mwezi wa saba tangu ajiandikishe, na trela nyuma, akakamatwa, mpaka leo ni kesi. Bima wakigundua hawalipi.

Kutoka: Mwalimu Deo
Jumatano, 4 Machi, saa 12:40 jioni

Dada, shemeji alikuwa anasukuma kwa MIKONO. Leseni ya nini, ya miguu?

Kutoka: Mzee Haji
Alhamisi, 5 Machi, saa 3:50 usiku

Assalam aleikum. Nimeshafuturu, sasa naweza kusema na nyie bila kupunguza thawabu.

Mnabishana mpira gani wa kupaka, na hakuna aliyemwambia kijana afungue kwanza. Baba Tunu, usizibe kitu ambacho hujakitazama ndani. Toa ile plastiki ya kona, toa na reli ya pembeni inayoshika hema, skrubu zake zote. Mara nyingi maji hayaingii pale palipochanika, yanaingia kwenye reli, na hapo palikuwa panaingia tangu kwa huyo babu wako. Chukua bisibisi, chokoa mbao. Ikigoma, alhamdulillah. Ikizama kama kwenye embe bivu, kata sehemu hiyo uunge nyingine. Kama ni unyevu tu, weka kipasha joto na feni ndani siku tatu nne, usiwe na haraka.

Bati la hizi karavani lina vijidonge kama ganda la chungwa. Usiligonge kwa nyundo! Wengi wanadhani ni bodi ya gari. Alumini ikishavutika hairudi, utapata bakuli. Kata zile midomo zilizochanika ziwe laini, palainishe kwa tupa (hiyo ndiyo ncha kali aliyoilalamikia mkaguzi, na kwa kweli hajakosea). Kisha kata kiraka cha alumini, kizidi tundu vidole vitatu kila upande, kona zake uzizungushe. Safisha kwa asetoni, sugua kwa msasa mdogo, safisha tena. Kiraka kikae juu ya gundi ya poliyurethani, ile ya Sikaflex au mfano wake, halafu ribiti. Ribiti za alumini, si za chuma. Chuma na alumini vikilala pamoja penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

Chini ya reli usiweke gundi hiyo. Hapo weka ile ya butili isiyokauka, Dekalin, ili kesho ukitaka kufungua ufungue. Na gundi ya poliyurethani isiguse madirisha. Madirisha ya karavani si kioo, ni akriliki, hupata nyufa kama unywele. Tena subiri siku isiyopungua nyuzi 5, chini ya hapo gundi hailali vizuri.

Plastiki ya kona: mwisho wa ufa toboa kitundu kidogo kwa keekee, ufa usiendelee. Vunja vipande vya plastiki hiyohiyo upande usioonekana, viloweke kwenye asetoni mpaka viwe kama uji mzito, paka kwa ndani.

Nyie vijana mnaona haya ni mambo ya Ulaya. Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Nungwi. Hii kazi kwetu ina jina lake: kukalafati. Unasokota pamba, unaitia mafuta, unaipigilia kwenye viungo vya mbao. Halafu tumbo la chombo unalipaka deheni, chokaa na shahamu, na huku juu unapaka sifa, yaani mafuta ya papa. Baba alikuwa akisema kinachokauka kikawa kigumu hakifai baharini, kwa sababu chombo hujinyonga kwenye wimbi. Karavani nayo hujinyonga barabarani. Nilipofika gatini Bremerhaven mwaka 1979 nikamwona Mjerumani anapaka kitu cha kijivu kisichokauka kwenye kiungo, nikacheka peke yangu. Deheni tu hiyo.

Kutoka: Rehema T.
Alhamisi, 5 Machi, saa 4:33 usiku

Shikamoo Mzee Haji. Umenitia machozi usiku huu, na nina zamu ya asubuhi.

Harufu ya sifa! Mafuta ya papa yanayonuka mpaka unayaonja. Kwetu Pangani tulikuwa tunapita kando ya mashua zilizopandishwa, tumeziba pua, na leo ningelipa hela niipate ile harufu dakika moja. Huku pwani ya Fehmarn tukienda na karavani mimi huwa natoka alfajiri kunusa, inanuka mwani kidogo na kahawa ya majirani. Bahari haina mtu anayeita mwenzake.

Mama yangu nilimtumia picha ya kwanza tuliyopiga kambini, watoto watatu mlangoni. Akanipigia hapohapo: "Mwanangu, umekwenda Ulaya kulala kibandani? Mna shida gani, mbona husemi?" Nikamweleza kwamba watu huku wanalipa ili walale hivyo. Akanyamaza, halafu akasema atatuombea.

Kutoka: Mzee Haji
Alhamisi, 5 Machi, saa 4:41 usiku

Marahaba mwanangu. Mwambie mama hiyo ni mashua ya nchi kavu.

Kutoka: Baba Tunu
Ijumaa, 6 Machi, saa 2:15 usiku

Shikamoo Mzee, Mungu akuzidishie. Nimefungua. Skrubu kumi na nne, tano zimeoza zikakatikia ndani. Chini ya reli kulikuwa na, sikiliza Mwalimu Deo, silikoni. Ya babu. Nimeikwangua saa tatu kwa kisu cha plastiki. Mbao imelowa kiasi cha kiganja lakini bisibisi haizami. Feni inanguruma, mke wangu anauliza umeme.

Kuhusu sanduku la 7, kuna aliyewahi kujaza?

Kutoka: Chuma wa Leipzig
Jumamosi, 7 Machi, saa 5:00 asubuhi

Baba Tunu, G607 unayo? Usijisumbue na bati kama huna, maana bila karatasi ya gesi HU hawakupi stika. Yangu ilikwama hivyo.

Kutoka: Mwalimu Deo
Jumamosi, 7 Machi, saa 5:26 asubuhi

Si kweli, au tuseme ilikuwa kweli zamani. Tangu tarehe 19 Juni 2025 ukaguzi wa gesi ni lazima tena kwa kila karavani yenye mtambo wa gesi, kila miaka miwili, lakini unasimama peke yake. HU ni HU, gesi ni gesi. Faini utapigwa kwa kukosa, stika hunyimwi kwa hilo. Na wakati uko huko angalia tarehe kwenye mpira wa gesi na regulata, miaka 10 vinabadilishwa hata kama vinang'aa.

Kutoka: Chuma wa Leipzig
Jumamosi, 7 Machi, saa 5:30 asubuhi

Mimi nasema yaliyonipata, wewe unasema uliyoyasoma.

Kutoka: Mwalimu Deo
Jumamosi, 7 Machi, saa 5:31 asubuhi

Yalikupata mwaka gani?

Kutoka: Mama Neema
Jumamosi, 7 Machi, saa 3:10 usiku

Jamani wakaka. Kuhusu taa: Baba Tunu usinunue yoyote tu ya mtandaoni. Iwe na ile alama ya E kwenye duara na namba yake, iliyochongwa kwenye kioo, si ya kubandikwa. Mume wangu alinunua za euro 12 mbili, zinawaka kama harusi, mkaguzi akazigeuza mara moja tu akazirudisha. Na reflekta ya nyuma lazima iwe pembetatu nyekundu, ncha juu, usiweke ya mviringo ukafikiri watasamehe. Ukibadilisha taa badilisha zote mbili, moja mpya na moja iliyopauka hazipendezi.

Kutoka: Njoro wa Kassel
Jumapili, 8 Machi, saa 9:44 alasiri

Mimi nawaza tofauti. Kwa nini mnahangaika na kitu ya 1998? Pakia kwa container mpeleke nyumbani, pale Naivasha au Diani mtu anakodisha kwa wageni, pesa safi.

Kutoka: Bibi wa Bochum
Jumapili, 8 Machi, saa 10:20 jioni

Njoro, mlango wa karavani za huku uko kulia. Nyumbani tunaendesha kushoto. Utashusha wageni wako katikati ya barabara ya Mombasa, mbele ya lori la mchanga.

Kutoka: Chuma wa Leipzig
Jumapili, 8 Machi, saa 1:15 usiku

Na Kenya gari likizidi miaka minane haliingii. Sisi Tanzania linaingia lakini ushuru wake utanunua karavani nyingine. Halafu nani wa kupeleka? Mimi nimechukua uraia wa hapa kwa sababu ya kazi, nyumbani nimekuwa mgeni. Wajerumani wenyewe tangu 27 Juni 2024 wanasema kaa na pasi zako mbili hatuna neno. Wa kwetu ndio wanaosema chagua. Nyie Wakenya mlishapata mwaka 2010 kwenye katiba, ndio maana Njoro ana raha ya kuota Naivasha.

Kutoka: Rehema T.
Jumapili, 8 Machi, saa 2:02 usiku

Hapo Chuma umegusa kidonda. Baba yangu ameniachia shamba la minazi. Kila nikiitwa ofisini kule wananitazama pasi kabla hawajanitazama uso. Hadhi maalum badala ya uraia pacha, hadhi maalum, tumesikia neno hilo mpaka limechakaa. Mimi sitaki hadhi, nataka kuwa mtoto wa baba yangu.

Kutoka: Mwalimu Deo
Jumapili, 8 Machi, saa 2:30 usiku

Hili lina uzi wake. Lakini Rehema, pole dada. Hata mimi.

Kutoka: Mzee Haji
Jumatatu, 9 Machi, saa 4:05 usiku

Mimi pasi yangu ni ya nyumbani, na nimekataa kuibadilisha kwa ya Kijerumani miaka arubaini na saba. Kila baada ya muda napanga foleni ya kibali pamoja na vijana waliokuja jana. Binti yangu ananiita mkaidi. Pengine.

Baba Tunu, nyuzi 11 kesho. Ziba.

Kutoka: Baba Tunu
Jumanne, 10 Machi, saa 3:38 usiku

Nimeziba, Mzee. Ribiti kumi na nane. Shemeji ndiye aliyeshika kiraka nikitoboa, safari hii tulikubaliana neno moja tu, "hapo". Gundi imenishika vidole mpaka sasa naandika kwa viwili. Plastiki ya kona imeshika, ule uji wa asetoni ni muujiza, ila nilifanyia jikoni na nisingeshauri mtu.

Fomu iko mezani. a au b? Kuna siku saba.

Kutoka: Njoro wa Kassel
Jumatano, 11 Machi, saa 1:55 asubuhi

Weka picha tuone.

Kutoka: Mama Neema
Jumatano, 11 Machi, saa 2:40 asubuhi

Kaka, umeshatengeneza mwenyewe, sasa ile KVA unaipeleka ya nini? Hapo ni makadirio bila kodi, kama nilivyosema mwanzo. Na ulipiga picha kabla hujatengeneza? Niambie ulipiga picha.

Kutoka: Baba Tunu
Jumatano, 11 Machi, saa 2:52 asubuhi

Nilipiga mbili. Moja shemeji amesimama mbele ya tundu.

Kutoka: Bibi wa Bochum
Jumapili, 15 Machi, saa 11:12 jioni

Kuna mtu anajua wapi wanauza mahindi meupe ya kuchoma siku hizi? Lile duka la Waghana karibu na stesheni limefungwa. Haya ya njano ni matamu kama peremende, watoto wanayapenda, mimi siwezi.

Kutoka: Rehema T.
Jumapili, 15 Machi, saa 12:20 jioni

Dada, panda. Rafiki yangu hupanda kwenye kibustani cha kukodi, analeta mbegu mwenyewe. Agosti tutakuja na karavani zote tuchome.

Kutoka: Baba Tunu
Jumapili, 22 Machi, saa 2:08 usiku

Idd Mubarak kwa wote, na Mzee Haji mkono wa Idd nitakuletea mwenyewe.

Nimerudi HU Alhamisi. Mkaguzi yuleyule. Alipitisha kiganja juu ya kiraka, akarudisha tena, akaniuliza nani kafanya. Nikamwambia fundi wa majahazi. Hakuelewa lakini amenipa stika.

Bima: tarehe 16 nilichora sanduku la (c) kwa kalamu, nikaandika "linasukumwa kwa mikono na ndugu wa mke", nikaweka tiki hapo, nikatuma na picha zote mbili. Jana imekuja barua. Wanashukuru kwa maelezo ya kina. Fomu haijakamilika, tafadhali nijaze sanduku la 7. Wameongeza siku 14.

Kwa hiyo nauliza tena: a au b?

Kutoka: Njoro wa Kassel
Jumapili, 22 Machi, saa 2:31 usiku

Hongera buda. Ile taa ya zamani ya kulia, ile haikupasuka, umetupa ama bado uko nayo? Yangu imeanza kuingiza maji.